Kigoda cha Kuazima

Chumba cha juu,
Nyuma ya duka la fundi viatu.
Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkaza mjomba na watoto, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Sisi huku hatujambo. Kifua cha Mama kimetulia. Bibi anakula vizuri, na kila asubuhi anakuulizia kana kwamba umetoka jana tu.

Habari kubwa bila shaka imekwisha kukufikia: kocha wetu, Mzee Kigoda, ameondoka. Miaka tisa, Mjomba. Mkono wangu bado hauyaamini maneno hayo, ingawa ni mkono huu huu uliochapa tangazo lenyewe.

Nililichapa Ijumaa, nikaonywa lisinitoke mdomoni kabla ya Jumanne. Unajua karani wa klabu ni mimi peke yangu, na bado nimo katika miezi ya majaribio. Basi siku zile niliishi kama mtu anayetembea chini ya maji. Mama alikuwa akishona kifungo cha jezi yako ya zamani huku akipanga msimu ujao: Mzee Kigoda atamrudisha winga kushoto, Mzee Kigoda hatamvumilia kipa yule. Mimi natafuna tu, chakula hakina ladha. Akadhani nimeshikwa na mapenzi.

Jumanne tangazo lilipobandikwa, mji ulitulia kwa namna ambayo sijapata kuiona. Hakuna aliyelaumu. Kocha mwenyewe amesema amechoka, na uchovu hauna mshitakiwa. Watu walitembea polepole, kama walioamshwa kabla ndoto haijaisha. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara alishusha bendera ya timu, akaikunja, akaketi nayo mapajani muda mrefu, kisha akaipandisha tena. Wengine walisimama nje ya uzio wa uwanja wa mazoezi wakitazama nyasi tupu, na ukungu ulipopita juu ya nyasi zile hata mimi nilimwona kocha ameketi pale pembeni kwenye kigoda chake. Ukungu ukaondoka, naye hayupo.

Hata kinyozi wetu, shabiki wa wapinzani, yule aliyezoea kumwambia Mama kwamba timu yetu itaishia kwenye kigoda na kiti cha enzi haitakiona, alifika mlangoni kofia mkononi. Akasema, "Pole, dada. Sasa nitamtania nani?" Mama akamkaribisha chai. Waliketi nayo mpaka ikapoa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikuandikie. Tafadhali usome mpaka mwisho kabla ya kunikasirikia.

Alhamisi kocha alikuja ofisini kukabidhi mali ya klabu. Kwetu hakitoki kitu bila fomu, na Katibu, ambaye wachezaji humwita Nakala Tatu, alisimama nyuma ya kiti changu. Funguo. Filimbi. Makoti mawili ya mvua. Namba kumi na nne: kigoda, mbao, kimoja. Ndicho chako, Mjomba, kile ulichokiunda ukampelekea msimu wake wa kwanza ulipoona benchi linamuumiza mgongo. Kocha aliuliza, kwa aibu kidogo, kama angeweza kuondoka nacho. Katibu akajibu kwamba kilichoandikishwa hakitoki, kitakaa stoo.

Nikaambiwa nikague namba yake. Nikakipindua. Namba haikuwapo. Palikuwa na maneno ya penseli, kwa mwandiko wako, ule ule ulio nyuma ya kabati letu la vyombo: *Cha kuazima. Kirudi tukitwaa kombe.*

Mjomba, nilikigeuza upesi kama niliyeona nyoka. Katibu ndiye atakayesaini, mwisho wa mwezi huu, kama nabaki kazini au naondoka, na hapendi kusahihishwa. Nikajiambia penseli hufutika, hakuna atakayejua. Kocha alikuwa amekwisha kufika mlangoni, mikono mitupu, na mikono ile mitupu ndiyo iliyonishinda. Nikasikia sauti yangu, nyembamba kama ya mgonjwa: "Samahani, Katibu. Hiki si cha klabu. Ni cha mjomba wangu."

Katibu akavaa miwani, akainama, akasoma mara tatu. Kisha akauliza, "Nakala yake iko wapi?"

Nikadhani ananikejeli, kumbe hakuwa na mzaha hata chembe. Kocha akarudi, akapiga miguu ya kigoda kwa kiganja, na ubao wa juu ukachomoka. Kumbe ulikiunga bila msumari, na siri hiyo pale ofisini aliijua yeye tu. Tukaulaza ubao wako kwenye kioo cha mashine ya kunakili, watu wazima watatu, tukatoa nakala tatu.

"Nimekaa juu ya maneno haya miaka tisa," kocha akasema, "na kombe sikulileta."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilimwambia kwamba kama kombe halijaja, basi muda wa kuazima haujaisha. Katibu alinitazama kwa muda ulionizeesha, akakata namba kumi na nne, akaandika pembeni: si mali ya klabu.

Mashabiki walikuwa wamejaa getini. Hakuna aliyeimba. Walipokiona kigoda kwapani mwake, walimpisha.

Basi nimekitoa kwa jina lako bila idhini yako. Nisamehe. Kuhusu kazi, Katibu hajasema neno, nami bado namwogopa vile vile. Lakini kocha aliniagiza nikwambie kwamba siku tutakayotwaa kombe atakirudisha kwa mikono yake. Mama ameisikia ahadi hiyo, na tangu jana anashona tena kifungo cha jezi yako, alichokiweka kando Jumanne.

Nakala ya tatu nimeikunja humu ndani. Msalimie mkaza mjomba, na umbusu kitinda mimba kwa niaba ya Bibi. Mungu ailinde mikono yako kazini.

Ni mimi mpwa wako, akupendaye na kukungoja,
Karani wa klabu (kwa majaribio)