Picha Ambayo Mama Hajaiona

Somanga, Kilwa
14 Juni, 2007

Mpendwa kaka Kornelio,

Shikamoo. Habari za Mwanza? Shemeji Fortunata na watoto hawajambo? Mimi mzima, dada Benadetha mzima. Habari za mama nitakuandikia huko chini.

Umeniuliza kama ile kamera ndogo uliyonitumia inafaa, unataka kununua nyingine kama hiyo. Nunua tu kaka. Inaingia mfuko wa shati, haitaki filamu, na watu hawaiogopi. Mimi unanijua, aibu nyingi, lakini nikiwa nayo nasimama pale kituoni mabasi yakija na hakuna anayenishangaa. Ila jua la mchana kioo chake hakionyeshi kitu, na betri za dukani huku zinakufa upesi. Tafuta zile za kuchaji.

Ubaya wake mmoja, mtu anajiona hapo hapo. Mboni muuza samaki kila nikimpiga picha anapiga kelele, "We Eusebio, hiyo sura ya nani? Futa, rudia!" Tunacheka.

Kwa mama sicheki. Nikimpiga anataka aone, halafu anasema, "Futa mwanangu. Kornelio asinione hivi." Nimefuta nyingi.

Ile picha uliyoipata, aliyovaa kitenge ulichomtumia, ndani kavaa nguo tatu ili aonekane mnene. Dada alijibanza nyuma anamshikilia mgongo, maana kukaa mwenyewe hawezi. Hiyo ndiyo aliyoikubali. Na wewe ukajibu umeona mama kanawiri, basi utakuja mwakani. Barua yako nilimsomea mimi. Akasema, "Si unaona, nimemwondolea wasiwasi." Halafu akageukia ukutani.

Kaka, nimeumia. Kamera umeituma ije imwone mama, wewe umekaa. Daktari katuambia tumrudishe nyumbani, hana dawa nyingine ya kumpa. Mwakani hiyo unamjia nani?

Nimekwenda Lindi kusafisha picha moja, imo humu kwenye bahasha. Nilimpiga bila yeye kujua. Dada kamwegemeza kwenye dirisha la barabarani, basi la kutoka Dar limesimama, anaangalia wanaoshuka. Hajaiona. Angeiona angesema nifute.

Dada anakusalimu, Mboni pia. Nisalimie shemeji na watoto. Mungu akufungulie njia, upande basi.

Ni mimi mdogo wako, nakupenda japo nina hasira,
Eusebio