Kiganja Juu ya Mlango

Nyumba ya mlango wa kijani,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa Dada Twiga,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Shemeji naye hajambo? Na mpwa wangu, kifua kimeacha kumbana au bado? Sisi huku wazima, ila macho ya Mama ndiyo yale yale, na mgongo wangu unanikumbusha kila asubuhi kwamba kuinamia viatu vya watu si kazi ya mzaha. Wifi yako anakusalimu na anasema umemtupa.

Juzi kwenye simu uliniuliza Mama alikuwa akiwafukuzaje buibui bila dawa ya kupuliza, maana nyumba mliyohamia imejaa na mtoto ana pumu. Nikababaika, ukanicheka. Leo nimeshika kalamu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hao buibui. Ya pili siwezi kuisema kwenye simu, kwani Mama hukaa ubavuni kwangu, na masikio yake hayana mtoto wa jicho.

Bingwa wa kazi hii ulikuwa wewe. Lakini wewe ulikuwa juu ya stuli, mimi chini nimeishika, kwa hiyo maneno ya Mama niliyasikia vizuri kukuzidi. Alikuwa akisema, "Buibui hafuati watu, anafuata inzi." Basi funika taka, futa makombo, na taa ya dirishani izime kama haina kazi, maana inaita wadudu, na wadudu wanamwita yeye. Na yale maboksi mliyohama nayo yafungueni yaishe. Najua bado yamefungwa. Nakujua.

Utando usiuburute ukutani. Funga kitambaa kibichi kwenye ufagio mrefu, uzungushe polepole ujiviringishe wenyewe. Kisha changanya siki na maji nusu kwa nusu, ufute pembe za madirisha na milango, mtoto akiwa chumba kingine mpaka harufu iishe. Mama alimalizia kwa kusugua maganda ya limau kwenye fremu. Mimi mpaka leo sijui kama ni limau lililowafukuza au ni kule kusumbuliwa kila Jumamosi bila kukosa. Nadhani walichoka na sisi.

Nyufa nazo ziba. Unakumbuka marehemu Baba alivyopigilia ukanda wa ngozi chini ya mlango, akasema buibui atakayepita hapo basi ana ufunguo? Ukanda bado upo, nimeubadilisha mara mbili tu.

Ukimkuta mmoja ndani, usimuue. Glasi juu, kipande cha boksi chini, mpeleke nje. Wewe ulikuwa ukiwaaga kabisa, "Haya, wasalimie huko," na mimi nikaamini kweli wana shangazi zao nyuma ya nyumba.

Nazikumbuka mno Jumamosi zile, Dada. Redio ya Baba, harufu ya siki ikipigana na harufu ya gundi ya viatu, Mama kitini anaamuru, "Kona! Kona ile!" nawe unamjibu, "Naiona Mama, mie si kipofu." Mimi nimekumbatia miguu ya stuli, naona visigino vyako tu. Nyumba ilikuwa ndogo na hatukuwa na habari kwamba ni ndogo.

Sasa lile la pili. Siku moja kabla hujasafiri ulikuwa unamsaidia Baba kupaka viatu rangi, ukapanda stuli bila kunawa. Stuli ikayumba, ukajishikiza ukutani, juu ya mlango wa chumba cha mbele. Kikabaki kiganja kizima cha kahawia, na kidole chako cha mwisho kilichopinda. Mama akafoka, "Ukuta wangu huo! Kesho nausugua mpaka doa litoke!" Kesho yake ukaondoka.

Ni miaka kumi na moja, Mama hajausugua. Alitukataza kukuambia, asije akaonekana anakulilia. Mafundi rangi wamekuja mara mbili, na mara zote mbili amesimama pale mpaka wapite pembeni.

Dada, nimekifuta mimi. Baada ya simu yako niliona haya, nakufundisha usafi na kwetu kona zote zina utando. Nikachukua siki na kitambaa, redio inaimba. Juu ya ule mlango utando ulikuwa umetanda, nikafuta, na mkono wa fundi viatu ukiona doa la rangi haungoji ruhusa ya kichwa. Nilipozinduka kilikuwa kimebaki kidole cha mwisho peke yake. Nilikaa juu ya stuli nikalia, mtu mzima mwenye kipara.

Mama hajui, haoni mpaka kule. Lakini tarehe mbili mwezi ujao anapasuliwa macho, na keshatuambia, "Wakinifungua bandeji, kwanza mnisimamishe pale mlangoni." Nilijaribu kupiga chapa ya kiganja changu mwenyewe. Wifi yako akauliza, "Hicho ni kiganja au soli?" Nikakifuta. Nikataka kukuomba uchore mkono wako kwenye karatasi unitumie, niunakili, nikaona ni kumdanganya mama yetu siku ya kwanza anayoona.

Kwa hiyo nitamwambia mwenyewe, kabla hajaenda hospitali. Nawe kila mwaka unasema utakuja mwakani. Safari hii usiniambie mwakani. Usitume karatasi, lete mkono wenyewe.

Wasalimie shemeji na mpwa wangu. Mwambie mjomba wake anamtunzia buibui mmoja mpole wa kumtoa nje. Shangazi na jirani yetu mshonaji wanakusalimu sana. Mungu awalinde njiani na nyumbani, na akifungue kifua cha mtoto.

Rangi ya kahawia ninayo. Kile kidole sijakigusa. Na stuli, Dada: siku ile iliyumba kwa sababu nilikuwa nalia, sikuishika. Njoo upande, safari hii nitaishika vizuri.

Mdogo wako akupendaye daima,
Mshika Stuli