Kengele ya Watachoka

Ilula, Jumapili, Mei 1956. Ukungu tangu asubuhi. Kanisani sikwenda.

Lameki, wewe ni mwoga. Mwanamume mzima una ndevu, umekaa nyuma ya kihenge changu cha mahindi tangu jana umenigeuzia mgongo, na hiyo unaiita heshima. Heshima gani inanuka uongo?

Naandika kwa sababu kukuambia siwezi. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemeshani. Maneno yanapita kwa mtu wa katikati. Desturi nzuri, nimeishika kwa wakwe watatu bila kuteleza. Sikujua kwamba mtu anaweza kujificha ndani yake kama panya ndani ya mahindi.

Herufi zangu ni za kisomo cha ubatizo, zimepinda. Acha zipinde.

Jana walishuka kwenye lori, Lameki na binti yangu Tabita, wametoka kwao Ubaruku, usiku wa kuamkia jana walilala Mlandege, Iringa mjini, kwa shangazi yake Tabita. Wamebeba gunia la mchele. Nikatazama nyuma ya gunia. Nikatazama barabarani.

Mbwa hakuna.

Tabita akaja mlangoni, mumewe akaenda moja kwa moja kule kwenye kihenge.

"Mama, mwenzangu anakusalimu, anasema kamwene."

"Mwambie kamwene. Watachoka yuko wapi?"

Akageuka kumuuliza, kana kwamba mimi nina sauti ya sisimizi na yeye Lameki yuko Mbeya. Jibu nililisikia vizuri kabisa, ila nikangoja niletewe, desturi ni desturi.

"Anasema nguruwe pori alimrarua. Anasema pole sana, mama. Ametuletea kengele yake."

Nikapokea kengele. Imeoshwa, inang'aa. Nikasema asante. Nikaingia ndani nikakaa kitandani na viatu vyangu miguuni.

Marehemu mume wangu ndiye aliyeichonga hiyo kengele, ya mti, na ulimi wake wa mti. Mbwa wetu hawabweki porini. Bibi yake Watachoka alitoka Chunya ndani ya koti la marehemu, enzi alipokwenda kuchimba dhahabu, na ukoo wote ni wa kimya. Kwa hiyo wanavaa kengele. Njiani unaiziba kwa majani isilie ovyo. Ukifika msituni unayatoa, na mbwa akienda, unamfuata kwa masikio.

Jina la Watachoka alilitoa marehemu pia, kwa ajili ya majirani. Walisema tumezaa wasichana watupu, nani atatembea na mbwa wake akifa. Akasema waseme, watachoka. Akafa. Nikatembea naye mimi. Wakachoka kweli, maana nguruwe walikula mahindi yao, yangu hawakuyagusa.

Nilimfundisha mwenyewe. Nilikuwa naburuta kipande cha ngozi ya nguruwe shambani, nakificha. Akikipata hapati hata mfupa mpaka arudi aniguse goti kwa pua, kisha anipeleke. Mbwa wa kwetu ndivyo alivyo. Akimwona mnyama anarudi kumwita mtu wake, mnakwenda pamoja.

Huko tambarare kwa kina Lameki wanawinda vingine. Wanatandaza nyavu pembeni ya mpunga, wanaume wanasimama na mikuki, mbwa wanaingizwa kwenye matete wamfukuze nguruwe aje. Mbwa wao harudi. Kitakachotoka kwanza kwenye matete ni nyama.

Nilimwambia Lameki haya yote alipokuja kumwazima Watachoka, kabla mpunga wao haujaiva. Nilimpitishia kwa Tabita, neno kwa neno: mkifika kwenye matete, toeni majani kwenye kengele. Akanijibu, kwa Tabita, kwamba kengele itawashtua nguruwe watokee upande wa pili. Nikasema, toeni majani. Akasema sawa, mama.

Nikampa. Watu wangu wa kiume sasa ni wakwe tu. Nilimpa kama mtu anavyompa mwanawe mkuki wa baba.

Leo asubuhi nilitaka kuitundika kengele ukutani. Nikaitikisa.

Haikulia.

Nikaingiza kidole. Majani ya mpunga, yameshindiliwa mpaka ndani, yamekauka na tope. Damu ameiosha nje. Ndani hakukumbuka kutazama.

Nikamfuata Tabita jikoni, nikaiweka kengele karibu na sufuria.

"Ni nguruwe gani huyo, Tabita?"

"Mama, usimuulize."

"Simuulizi yeye. Nakuuliza wewe, uliyenyonya kwangu."

Akakoroga uji ambao ulikuwa umeshaiva. Kisha akasema, "Jua lilikuwa limezama. Matete yakatikisika mbele ya mwenzangu, akarusha mkuki. Watachoka alikuwa anakuja kwake, mama. Alikuwa anatikisa mkia."

Nimeandika mpaka hapo nikaweka kalamu. Naendelea sasa, uji umepoa.

Alikuwa anakwenda kumgusa goti. Ndivyo nilivyomfundisha.

Tabita anasema Lameki alilia, hakula siku ile, alimfunga kwa shuka lake mwenyewe akamzika juu ya mtaro, maji yasipofika. Nimemwambia sawa, alilia huko. Angelia hapa tungelia wawili. Mkuki hukosea, hata marehemu aliwahi kumchoma mbwa wa rafiki yake, na akaenda kwa miguu mpaka mlangoni kwake kusema. Lameki amekuja na mchele.

Na kuna jingine. Mchana huu Tabita ameleta neno tena, macho chini. Nguruwe bado wako kwenye mpunga, nusu ya shamba haijavunwa, na Lameki anaomba binti yake Watachoka, yule jike mwenye sikio jeupe. Nikacheka. Kicheko kibaya, hata mimi sikukipenda.

Nimekaa na huyo mbwa miguuni mpaka ukungu umeshuka tena. Nikimnyima, wajukuu zangu watakula nini? Nikimpa, nampa nani?

Basi Tabita, nisikilize, kesho nitakuambia hivi hivi. Kabla hamjaenda kungoja lori, mlete mumeo hapa mlangoni. Akae amenigeuzia mgongo kama kawaida, desturi ya kutotazamana siivunji kwa sababu yake. Lakini wewe usipeleke neno wala usilete. Aseme mwenyewe, kwa sauti, Watachoka alikujaje na yeye alifanya nini. Akimaliza, mchukueni mbwa. Mvalisheni kengele hii hii.

Majani nimeshayatoa. Msiyarudishe.