Kanda ya Martha Imevunja Posa

Nyanda, posa ya binti yangu Nyamizi imevunjika, na sauti iliyoivunja ni yangu.

Unaikumbuka kanda tuliyomrekodia Martha wa Lalago, mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kugombania pamba yetu tukapata hela ya redio? Luhaga, aliyemuoa, kaikuta sandukuni kwa mkewe. Leo amekuja na Martha na ndugu zake kumposea mwanawe Dastan, akaileta na redio. Eti tukumbuke ujana wakati tunasubiri chakula!

Upande wa kwanza nyimbo tupu. Akageuza.

Nyanda, nikajisikia nikisema: "Wimbo huu uende kwa Martha. Huyo Luhaga anayekuposa ni bwege, wanaooa ni ng'ombe wa baba yake. Jumamosi tukutane gulioni, kama juzi."

Redio kaipakata mwenyewe. Ningeanzaje kumpapasa mkwe mapajani nikitafuta pa kuzimia?

Martha akasema, "Baba Dastan, zima."

Hakuzima. Akarudisha nyuma. "Kama juzi." Akarudisha tena. "Kama juzi." Mimi nimebanwa kwenye kochi katikati ya kaka wawili wa Luhaga, sina pa kutokea.

Akamgeukia mkewe. "Ulienda?"



Mke wangu akaingia na kuku. Luhaga akamwambia, "Shemeji, rudisha jikoni. Bwege hali hapa."

Wameondoka wote. Ng'ombe kumi na wawili tuliopatana hawaji. Harusi ya Agosti haipo. Nyamizi kajifungia chumbani na mama yake, kwa hiyo wasionisemesha humu ndani ni wawili. Na Martha sijui leo atalala wapi.