Maneno Matatu Niliyoyakata

Dodoma, Jumatatu

Baba yangu,

Kamwene. Shikamoo yako naileta kwa magoti, na ukifika mwisho wa barua hii utajua kwa nini. Mama anaendeleaje? Kaka Yohana aliniambia mmerudi naye salama kutoka hospitali ya Ikonda, na bandeji ya jicho imeshatolewa. Mwambie asipulize moto wa kuni kwanza. Najua atasema ugali hauivi kwa kuangaliwa, lakini mwambie nimesema mimi, na kama hasikii mpe shangazi kazi ya kumlinda. Na wewe kifua chako na ukungu huu wa asubuhi? Huku ni jua na vumbi tu, sweta langu la Njombe limelala ndani ya begi tangu nilipofika. Kwa mwili mimi ni mzima, nakula na kulala. Ni moyo ambao haujatulia.

Utashangaa kupata karatasi wakati tunaongea kwa simu kila Jumapili ukitoka ibadani. Baba, simu ndiyo iliyonifanya nifike hapa. Kwenye simu nimegundua naweza kusema uongo na sauti isitetemeke. Kwenye karatasi nimeshindwa. Hii ni karatasi ya nne, tatu nimezichana.

Unajua kazi yangu huku kwa mbunge wetu. Nampangia makaratasi, namwandalia hoja, nampokelea wageni, na tangu mwaka jana nakata vipande vya video vya michango yake bungeni na kuvituma kwenye makundi ya simu ya huko nyumbani. Kile cha tozo ya mbao ambacho mlikitazama wote ni mimi niliyekikata.

Siku ile alizungumza vizuri sana, nisimpunje. Mfano wa mti unaopandwa mtoto akianza shule na kuvunwa mtoto akitaka kuoa, nilimpa mimi, na mimi niliupata kwako. Nilikuwa nimekaa ukumbi wa wageni juu, nikasikia maneno ya baba yangu yanasemwa Bungeni na watu wanapiga meza. Nililia kidogo, sikufichi. Akasema, "Tozo hii siikubali, na wananchi wangu hawaikubali." Kengele ikalia. Akakusanya karatasi zake, akasema, "Baada ya kusema hayo, naunga mkono hoja," akaketi.

Ndivyo wanavyomaliza karibu wote, baba. Mtu ataichambua bajeti mpaka ibaki mifupa, kisha ataiunga mkono. Ukikaa humu muda mrefu unazoea, husikii tena. Lakini nilipokaa kukata kile kipande nilisikia vizuri kabisa. Nilijua maneno yale matatu yakibaki, Mzee Mgaya, makamu wako wa kikundi, atauliza: sasa amekataa au amekubali? Nikakata pale kwenye "hawaikubali". Juu nikaandika kwa herufi kubwa kwamba mbunge wetu aikataa tozo ya mbao.

Mheshimiwa alipokiona aliniuliza mbona mwisho haupo. Nikamjibu kwamba watu wa nyumbani hawana bando la kufungulia video ndefu. Akanitazama kidogo, akasema haya. Basi kikaenda.

Kilichofuata unakijua kuliko mimi, ila nakiandika ili nawe ujue kwamba nakijua. Kikundi chenu cha wapanda miti kilikuwa kimeshaandika maoni ya kupeleka kwenye kamati ya Bunge, na watu wameshatia sahihi. Mzee Mgaya alikuwa tayari kupanda basi ayalete mwenyewe. Mlikuwa mmekutana Makambako, kwenye ule uwanja wa kupasulia mbao, ukanipigia na kuweka simu sauti ya juu ili wote wasikie. Ukauliza, "Mwanangu, wewe uko humo ndani. Huyu mama mbunge wetu amekataa au hajakataa?"

Nikasema, "Amekataa, baba. Msipoteze nauli."

Nilisikia watu wakishangilia. Nikasikia mtu akikuita baba wa Bunge, nawe ukacheka kile kicheko chako cha kujifanya hutaki sifa. Yale maoni yakarudi kabatini na siku za kupokea maoni zikapita.

Nimejiuliza kwa nini nilisema vile. Jibu la kwanza nililojipa lilikuwa zuri, kwamba nilitaka ufurahi. Ni kweli, lakini si yote. Niliogopa kwamba Mzee Mgaya angekuja. Angefika getini na lile koti lake la mvua, angemwomba Mheshimiwa dakika mbili, na Mheshimiwa angemwambia ukweli wote kwa sababu hajawahi kuuficha. Halafu mimi ningeonekana nilivyo. Kwa hiyo nilimzuia mzee wa watu asisafiri, ili mimi nisiaibike.

Siku ya kupigia bajeti kura nilikaa palepale juu. Kura ile si ya kupiga kelele pamoja. Katibu anasoma majina moja moja, kila mbunge anajibu kwa kipaza sauti, na jibu lake linaandikwa kwenye Hansadi, yaani ile taarifa rasmi isiyoacha hata neno. Alipotajwa, akasema "Ndiyo." Hakuisema kwa kujificha. Nilimfuata nje nikamuuliza, na sauti yangu nadhani ilikuwa na ukali. Akaniambia bajeti hiyo hiyo ina barabara yetu na zahanati tuliyoililia miaka yote, hawezi kuitupa yote kwa ajili ya kifungu kimoja, na kwamba alikwenda kwa Waziri mara mbili kuomba tozo ipunguzwe akakataliwa. Siku chache baadaye aliulizwa redioni akaeleza hivyo hivyo, alipinga kifungu na kuunga mkono bajeti. Unaweza kutokubaliana naye. Mimi mwenyewe siku nyingine nakubaliana naye na siku nyingine hapana. Lakini kura yake iko wazi kwa kila anayetaka kuisoma, na aliyewafumba macho ni mimi.

Jumapili ile uliniuliza kura ilikwendaje. Nilikwambia mtandao unakatakata, nikauliza habari za ng'ombe.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini kwangu ilirefuka kwa sababu ulinibeba wewe. Tozo ilipoanza, na magari ya mbao yakaanza kusimamishwa pale kwenye kizuizi cha barabarani, uliwaambia watu kwamba serikali imelazimisha na mbunge wetu alipinga mpaka mwisho. Walikuamini. Mtu asikuamini wewe amwamini nani?

Sasa wiki iliyopita kaka Yohana akanipigia akanieleza mkutano wenu wa mwisho. Alinieleza akicheka, akidhani ananifurahisha. Alisema Mzee Mgaya alikuja na karatasi aliyochapishiwa Makambako kwenye duka la kompyuta, akasimama na kuisoma polepole, pamoja na "naunga mkono hoja" na ile "Ndiyo" ya kwenye orodha ya kura. Alisema hakuisoma kwa ubaya, alikuuliza tu, "Mwenyekiti, ile video iliishia wapi?" Nawe ukasimama ukamjibu, "Mwanangu hawezi kunidanganya. Karatasi ya kuchapwa dukani hata mimi naweza kuileta." Ukamwita mzushi mbele ya watu. Yohana anasema Mzee Mgaya alikunja karatasi yake, akavaa kofia na kuondoka bila kuaga, na Jumapili iliyofuata hakukaa kwenye benchi la wazee wa kanisa. Alikaa nyuma karibu na mlango.

Kisha Yohana akamalizia kwamba Jumamosi hii mnakutana kupiga kura ya kumwondoa kwenye umakamu, kwa kosa la kuwagawa wanachama kwa uongo.

Baba, Mzee Mgaya ndiye aliyeniandikia barua ya utambulisho nilipoanza kutafuta kazi. Ndiye aliyekaa na wewe siku tatu tulipomzika bibi. Sijawahi kumsikia akimsingizia mtu hata kuku.

Kwa hiyo sikiliza. Karatasi yake ni ya kweli, neno kwa neno. Nimeambatanisha hapa kurasa zenyewe za Hansadi, ule wa mchango na ule wa majina ya kura, nimezipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Linganisha na za kwake kama bado anazo. Mwongo mliyekuwa mnamtafuta ameandika barua hii.

Jana nilimwambia Mheshimiwa yote, pamoja na simu ya Makambako ambayo hakuijua. Hakunifokea. Alisema, "Na mimi niliona mwisho umekatwa nikaacha, kwa sababu sifa zilikuwa tamu." Akasema kikao kikiisha atakuja mwenyewe kwenu na Hansadi yake mkononi, mmuulize mnachotaka kuhusu kura yake. Kuhusu mimi, akasema siwezi kuendelea kukaa kati yake na watu wake. Nitamaliza mwezi huu. Sijambishia. Usimwambie mama habari hiyo mpaka jicho lipone kabisa.

Nimeulizia pia kama maoni yenu yanaweza kupokelewa sasa. Kwa mwaka huu hayawezi, sheria imeshapita. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya nimeyamwaga kwenye miti ya watu ambao hawajanikosea chochote. Nimeomba utaratibu wa mwaka ujao na nimeuandika kwenye karatasi ya peke yake. Ni kidogo sana, najua. Siutumi ili unisamehe haraka.

Bahasha hii nampa dereva wa basi kesho, Yohana ataipokea stendi Makambako na kukuletea Mdandu. Nimetaka uisome peke yako, ukae nayo, unikasirikie nikiwa mbali, kwa sababu nikija nataka uwe umeshajua. Ijumaa nami napanda basi. Nitashukia Makambako na kabla ya kuja nyumbani nitapita kwa Mzee Mgaya. Desturi yetu naijua, aliyekosa haendi kuomba radhi peke yake, huongozana na mzee wake, na mzee ndiye anayesema. Lakini mzee wangu ni wewe, na wewe una lako la kuongea naye. Nitakwenda peke yangu, na akinifungia mlango nitakaa uani mpaka afungue.

Nisalimie mama, umwambie binti yake anakuja na zabibu. Kaka Yohana na wifi yangu wasalimie, na mwambie Yohana simlaumu kwa kucheka. Shangazi wa Kidugala, yule mpishi wa shule, mwambie vitenge vyake nimevipata na bei haijamshinda mtu. Mwinjilisti wa mtaa wetu mpe mkono, mwombe aje Jumamosi kama ana nafasi. Mzee Mgaya simtumii salamu kwa mdomo wa mtu.

Jumamosi nitakuja Makambako pamoja na wewe, kama utakubali tupande gari moja. Usipokubali nitatembea nyuma. Naomba kabla hamjapiga kura yoyote unipe nafasi ya kusema, si kama binti wa mwenyekiti. Nakujua, baba. Najua nikianza tu kusema utataka kusimama, useme ni mtoto, useme alitumwa, useme Dodoma imemharibu. Hakuna aliyenituma, na nilijua ninachofanya. Ulisimama mbele za watu wale ukasema mwanao hawezi kukudanganya. Nitasimama mbele za watu wale wale niseme kwamba aliweza.

Nikisimama, baba, usinitetee.

Binti yako,
Tabitha