Uliandika Kwamba Sihitaji Msaada

Kibanda cha Fundi Simu,
Nyuma ya Posta,
S.L.P. 614.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. U hali gani? Kile kikohozi cha mwezi uliopita kimekuachia? Vaa sweta hata ukiwa ndani ya nyumba, acha ubishi. Sisi huku tu wazima. Mimi mwenyewe sijambo, ila bega la kulia linauma, na sababu yake utaisoma sasa hivi.

Najua unataka nianze na jibu la wazazi wa mchumba wako. Utasubiri kidogo. Mimi pia nilisubirishwa.

Asante kwa tiketi. Ndege ilikuwa ya saa sita, nami nilifika uwanjani saa nne na nusu. Tangu jana yake jioni sikuwa nimetia hata tone la maji mdomoni, maana choo cha ndege ndogo hata mwenye miguu yake huingia kwa upande. Wakwe zako watarajiwa walikuwa wananingoja saa nane mchana.

Binti wa kaunta alitazama kompyuta, akanitazama, akarudi kwenye kompyuta. Akaniambia, "Dada, hapa imeandikwa abiria hahitaji msaada wowote. Na umewekwa kiti cha mlango wa dharura." Nikajua amefungua tiketi ya mtu mwingine. Nikamwomba anigeuzie kioo. Ilikuwa yangu. Abiria anatumia kiti cha magurudumu? Hapana. Anaweza kupanda ngazi? Ndiyo. Majibu yote hayo uliyajaza wewe, kwa mkono wako.

Hicho kiti cha mlango wa dharura, kama hujui, anakaa mtu wa kuwafungulia wenzake ndege ikipata matatizo. Yaani roho za abiria arobaini ulinikabidhi mimi. Nadhani ulitaka miguu yangu ipate nafasi. Miguu hii haijalalamikia nafasi tangu polio initembelee nikiwa na miaka minne.

Nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikakauka. Gari la kunyanyulia abiria huombwa siku mbili kabla, na siku hiyo lilikuwa matengenezoni. Msimamizi wao akaja, mtu mpole, akasema watanihamishia ndege ya kesho. Kesho ya nini? Mpima ardhi, baba wa mchumba wako, na mkewe wameomba ruhusa kazini wote wawili ili waonane na mtu wa kukusemea, na tangu baba na mama watutoke mtu huyo ni mimi tu. Ningekosa siku ya kwanza, wangesema mchumba wa binti yao hana kwao.

Nikamwambia nitabebwa. Akakataa, eti wapakiaji wa mizigo hawajafundishwa kubeba watu. Nikamjibu kwamba mimi nimebebwa miaka mingi kuliko umri wake, nitawafundisha mwenyewe. Tulibishana hadi abiria wengine wakaanza kuitwa. Mwishowe akaniletea karatasi nisaini kwamba nikiumia ni juu yangu, nikasaini.

Walikuwa wanaume wawili. Wa nyuma nilimwambia apitishe mikono chini ya makwapa yangu na anishike viganja, wa mbele anishike chini ya magoti. Ngazi zilikuwa sita. Kwenye ya nne yule wa mbele aliteleza, mwili wote ukaning'inia kwenye bega moja, sketi ikapanda, na watu waliokwisha kukaa wakawa wananichungulia madirishani. Sikupiga kelele. Niliuma meno na kukutaja jina, na haikuwa kwa dua.

Kijana mmoja alinipa kiti chake cha mbele kabisa, akaenda yeye kulinda mlango wako wa dharura. Pale napo mhudumu alidai mkono wa kiti haunyanyuki, itabidi nirushwe juu yake kama gunia. Nikaomba dakika moja. Nikapapasa kwa chini, karibu na bawaba, nikakuta kitufe kidogo, nikabonyeza, mkono ukapanda. Miaka yote anafanya kazi humo na hakukijua. Kazi ya ufundi simu ina faida zake.

Huko angani sikuona mawingu wala nini. Dakika hamsini nzima nilikuwa nawaza ngazi za kushuka, na kama kiti changu cha magurudumu kimepakiwa au kimebaki. Tulipotua watu wote walishuka, wafagiaji wakaingia, wakafagia mpaka chini ya miguu yangu, na kiti hakijaonekana. Mdogo wangu, niliogopa. Bila kile kiti mimi ni mzigo wa kuachwa popote. Walikileta baada ya nusu saa, na waliokuja kunishusha, nashukuru, walijua kazi yao.

Nilifika saa nane na robo. Nyumba yao ipo ghorofa ya pili, na jengo halina lifti. Meza ilikuwa imeandaliwa huko juu, vitambaa vimepigwa pasi. Mpima ardhi akanikuta chini getini, akabaki ameduwaa. Alipanda akaanza kuteremsha viti viwiliviwili, mkewe akifuata na sahani, na tukala kwenye maegesho ya magari huku majirani wakitusalimia wakipita.

Mama mtu akaniuliza kwa upole, "Mbona hakutuambia?" Nikasema ulisahau. Yule ni mfamasia, maisha yake yote anawahudumia watu wanaoficha wanachoumwa. Alinitazama, akanimiminia chai. Nilikusitiri, lakini nilikuwa naona haya, na haya hiyo ilikuwa yako.

Najua utasema hukutaka watu wanihurumie. Pengine. Lakini wewe umekulia juu ya mapaja haya, nikikupeleka shule kwa kiti hikihiki. Mficha uchi hazai, na mimi si uchi wako.

Wamekubali. Shika hilo. Walikubali kabla chai haijapoa, na ni watu wema kuliko tulivyostahili siku ile.

Binti yao alinisindikiza hadi kwenye teksi. Hakushika kiti, alitembea kando yangu, kwa mwendo wangu. Tulipofika akainama, akaniuliza taratibu, "Dada, siku moja nikizaa mtoto asiyetembea, mdogo wako atamficha na huyo?"

Nilimwambia nitakuletea swali kama lilivyo. Mpigie yeye kabla hujanipigia mimi.

Shangazi anakusalimu, na binamu yetu Mapengo anauliza lini utamtumia viatu. Mungu akulinde kazini na njiani, na akupe ujasiri wa kusema.

Wako akupendaye hata akiwa na hasira,
Dada yako.