Mtani Chini ya Pikipiki

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako mzima, alizeti imechanua, na mimi bado ndiye bingwa wa mbio za pikipiki Iguguno. Haya, usicheke: sikuendesha, nilikuwa juu ya kichuguu nikishangilia.

Unauliza kama ni vibaya kufurahi mpinzani wa dereva unayemshabikia kwenye televisheni akianguka. Enzi za ruksa, miaka ya themanini mwishoni, Yosefu wa kijijini kwetu, Mnyiramba, alishindana katika mbio hizo na mtani wake Hamisi, Mnyaturu. Zawadi ilikuwa beberu. Karibu na mwisho Hamisi akaanguka mchangani, pikipiki ikamlalia mguu. Nikaruka kwa furaha. Yosefu akasimama.

"Mwache! Beberu huyo!" nikapiga kelele.

"Nikimwacha, kesho nitamtania nani?" akajibu, akiinyanyua pikipiki.

"Unanyanyua kama bibi harusi," Hamisi akaguna.

Jamaa wa Manyoni aliyekuwa wa tatu akawapita, akabeba beberu. Niliwanunia wote wawili, hadi nilipowaona wakirudi kwa pikipiki moja, wakitukanana na kucheka.

Nawe ulipoanguka na baiskeli ya mama yako, sikushangilia: nilikuinua, nikawasingizia mbuzi. Basi niletee ugoro kidogo, bibi yako asijue.

Babu yako